Nimeruhusu viungo vya wazi, mbona chaguo bado limefifia?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Ofisi yetu inatumia Microsoft 365 na mimi ndiye ninayeusimamia mfumo, ingawa kazi yangu hasa ni uhasibu. Wenzangu wa mauzo wanataka kuwatumia wateja nyaraka kwa kiungo ambacho mteja anabofya na kusoma bila kuombwa akaunti wala neno la siri. Nimeingia kwenye mipangilio ya SharePoint, sehemu inayohifadhi mafaili ya idara zetu, nikachagua "Anyone" (yeyote) kwa kampuni nzima. Kwenye OneDrive yangu, yaani hifadhi ya mafaili yangu binafsi ya kazi, inakubali, lakini kwenye tovuti ya idara ya mauzo chaguo hilo limefifia, halibofyeki. Nimekosea wapi? Na mkurugenzi anauliza kama jambo hili ni salama. Nimjibu nini?

JIBU: Hukukosea, ila kazi umeifanya nusu. Kabla SharePoint haijamruhusu mtumiaji kutengeneza kiungo kisichodai utambulisho (nitakiita kiungo cha wazi), huangalia ngazi mbili: kampuni nzima imeruhusu nini, na tovuti yenyewe imeruhusu nini. Jibu lililo kali zaidi ndilo linaloshinda. Wewe umefungua ngazi ya kampuni. Tovuti ya mauzo bado inakataa.

OneDrive yako ilikubali mara moja kwa sababu OneDrive huanza ikiwa na ruhusa pana. Tovuti haziko hivyo. Tovuti iliyoundwa pamoja na kundi la Microsoft 365, na kila timu ya Teams (programu ya mazungumzo na mikutano ya kazini) huja na tovuti ya namna hiyo, kwa kawaida huanza kwa kuruhusu wageni wanaojitambulisha na kuishia hapo. Tovuti za mawasiliano, zile zinazotumika kwa matangazo ya ndani, huanza zikiwa zimefungwa kabisa kwa watu wa nje. Ndiyo maana wasimamizi wengi wanaogusa mpangilio huu kwa mara ya kwanza hudhani mfumo umeharibika.

Kuifungua tovuti moja si kazi kubwa. Ingia kwenye kituo cha usimamizi cha SharePoint, fungua Active sites, bofya jina la tovuti, na kwenye paneli inayojitokeza nenda Settings kisha More sharing settings. Utakuta ngazi nne zilezile ulizoziona kwa kampuni, kuanzia Anyone iliyo pana kuliko zote hadi Only people in your organization. Chagua, hifadhi, upe mfumo muda kidogo, kisha mwambie mtu wa mauzo afunge ukurasa wake na kuufungua upya. Kwa wanaopenda PowerShell, yaani kusimamia mfumo kwa kuandika amri, ni mstari mmoja:

Set-SPOSite -Identity anwani-ya-tovuti -SharingCapability ExternalUserAndGuestSharing

Angalia vizuri neno la mwisho. Kuna jingine linalofanana nalo, ExternalUserSharingOnly, ambalo linaruhusu wageni wanaojitambulisha tu. Ukilinakili hilo kwa haraka utabaki palepale ulipo, na amri haitakuambia chochote kwa sababu nayo ni sahihi.

Ikitokea ngazi zote mbili ziko wazi na chaguo bado limefifia, kagua mambo matatu. Huenda tovuti au faili lina lebo ya usiri inayozuia watu wa nje. Huenda mtu aliwahi kuweka sharti kwamba wanaoweza kushirikisha watu wa nje ni kundi fulani la usalama tu, na mwenzako hayumo. Au unaangalia tovuti ambayo siyo: idhaa ya faragha (private channel) ndani ya Teams ina tovuti yake peke yake, kwa hiyo faili linaloonekana kama liko "kwenye timu ya mauzo" linaweza kuwa linakaa mahali pengine ambapo hukupagusa.

Hayo ndiyo majibu ya swali lako la kwanza. Sasa, kabla hujaenda kuifungua tovuti ya mauzo, nisikilize kidogo, maana ningekushauri usiifungue.

Kiungo cha wazi ni anwani ndefu yenye mfuatano wa herufi ambao hakuna mtu atakayeubahatisha. Hapo mfumo uko imara, na mkurugenzi hana haja ya kuogopa kwamba mtu atakaa ajaribu herufi hadi apatie. Shida ni kwamba anwani hiyo ndiyo ruhusa yenyewe. Anayeishika ndiye mwenye haki ya kufungua, awe mteja uliyemkusudia, katibu wake, mshindani aliyetumiwa na mtu asiyejali, au programu fulani inayosoma barua pepe na kufungua viungo ili kuvikagua. Uthibitisho wa hatua mbili mliouweka kwa wafanyakazi hausaidii hapa. Masharti ya kuingia kwa kifaa cha kazini tu hayasaidii pia. Vyote hivyo hufanya kazi pale mtu anapoingia kwa akaunti, na kiungo cha wazi kimetengenezwa makusudi ili asiingie kwa akaunti. Kwenye kumbukumbu za ukaguzi utaona kwamba kiungo kimetumika, saa ngapi na kutoka anwani gani ya intaneti. Jina hutaliona.

Na viungo huvuja kwa njia ambazo aliyevitengeneza hakuziwazia. Mwaka 2014 Dropbox ililazimika kuzima viungo vingi vya wateja wake baada ya kubainika kwamba waraka ulioshirikishwa, ukiwa na ndani yake kiungo cha kwenda tovuti nyingine, na msomaji akakibofya, kivinjari kilikuwa kinaiambia tovuti ile ya pili msomaji ametokea wapi. "Alikotokea" ndiyo ilikuwa anwani ya siri ya waraka. Hakuna aliyedukuliwa. Mwenye tovuti ya pili alihitaji tu kusoma takwimu za wageni wake. Kasoro hiyo ilirekebishwa, lakini inaonyesha tabia ya kitu tunachozungumzia: siri iliyo ndani ya anwani husafiri kila anwani inaposafiri.

Mfano ninaoupenda zaidi kwa wakurugenzi ni wa Septemba 2023, kwa kuwa unaihusu Microsoft yenyewe. Kampuni ya usalama ya Wiz ilieleza jinsi watafiti wa akili unde wa Microsoft walivyotaka kushirikisha umma mafaili fulani ya mafunzo kupitia GitHub, tovuti ambako watengenezaji programu huweka kazi zao. Walitoa kiungo cha hifadhi ya Azure (huduma ya Microsoft ya kuhifadhi data mtandaoni) chenye tokeni ndani yake, yaani mfuatano wa herufi unaotumika kama ufunguo. Haikuwa SharePoint, lakini kanuni ni ileile: mwenye anwani anaingia. Tokeni hiyo haikuishia kwenye mafaili yaliyokusudiwa. Ilifungua hifadhi yote, terabaiti 38, zikiwemo chelezo za kompyuta za wafanyakazi wawili na jumbe zaidi ya 30,000 za Teams. Haikuwa ya kusoma tu, bali ilimpa mtu uwezo wa kufuta na kuandika juu ya kilichokuwepo. Na muda wake, uliokuwa uishe Oktoba 2021, ulikuwa umesogezwa mbele hadi Oktoba 2051. Makosa yote matatu yanayofanywa na viungo vya wazi maofisini yako hapo: eneo pana mno, uwezo mwingi mno, muda mrefu mno. Kama waliotengeneza mfumo wanaweza kuteleza, mtu wa mauzo anayekimbizana na mteja saa kumi na moja jioni atateleza pia, na si haki kumlaumu yeye kama mipangilio ilimruhusu.

Tuanze na eneo. Ruhusa ya tovuti haichagui faili. Ukiifungua tovuti ya mauzo, mtu yeyote mwenye haki ya kushirikisha humo anaweza kutengeneza kiungo cha wazi kwa chochote kilichomo: orodha ya bei, mikataba, jedwali la kamisheni za wafanyakazi. Mbaya zaidi ni folda. Mtu akishirikisha folda kwa kiungo cha wazi leo, ikiwa na kipeperushi kimoja tu, kila faili litakalowekwa humo kesho na keshokutwa litaonekana kwa wenye kiungo. Anayeliweka huenda hana habari kwamba folda iko wazi. Nikiambiwa nichague mpangilio mmoja wa kuuogopa katika suala hili lote, nitachagua huo wa folda.

Kwa hiyo unda tovuti mpya. Iite jina lisilo na utata, kwa mfano "Nyaraka za wateja", weka humo yale tu ambayo kampuni haitaumia yakionekana na yeyote, na iwe ndiyo tovuti pekee yenye Anyone. Tovuti ya mauzo ibaki kama ilivyo. Mtu anayetaka kumtumia mteja waraka kwa kiungo cha wazi atalazimika kuunakili kwenda huko kwanza. Wenzako watanung'unika kwamba ni hatua ya ziada. Ni kweli, na hiyo hatua ndiyo kinga yenyewe, kwa sababu inamfanya mtu atazame anachotoa.

OneDrive za wafanyakazi nazo zirudishe nyuma. Umeniambia yako ilikubali, maana yake za watu wote zimekubali tangu siku uliyobadilisha mpangilio. OneDrive ina kitelezi chake kwenye ukurasa uleule wa Policies, Sharing. Kanuni ni kwamba haiwezi kuwa pana kuliko SharePoint, lakini inaweza kuwa finyu zaidi. Iweke kwenye wageni wanaojitambulisha, New and existing guests.

Muda sasa. Kwenye ukurasa huohuo kuna sehemu ya kulazimisha viungo vya wazi viishe baada ya siku kadhaa. Unaruhusiwa kuweka kuanzia siku 1 hadi 730. Mimi ningeweka 30 kwa kampuni nzima na kusikiliza nani atalalamika, huenda asipatikane. Kwa amri ni:

Set-SPOTenant -RequireAnonymousLinksExpireInDays 30

Ukifupisha muda, viungo vilivyokuwepo vyenye muda mrefu zaidi hufupishwa navyo, jambo ambalo ni zuri kwako kwa sababu hujui ni vingapi vimeshatolewa. Ukirefusha, vya zamani vinabaki na tarehe zao.

Kuhusu uwezo, weka mafaili yawe ya kusoma tu kwa viungo vya wazi. Sioni sababu ya mtu asiyejulikana kuhariri waraka wa ofisi. Folda pia, kusoma tu, isipokuwa kwa jambo moja: kama idara fulani inataka kupokea mafaili kutoka kwa watu wa nje kwa kipengele cha kuomba mafaili, kile kinachompa mtu ukurasa wa kupakia bila kuona yaliyopakiwa na wengine, basi folda lazima ziruhusiwe kusoma, kuhariri na kupakia. Ukiziweka kusoma tu kipengele hicho hutoweka, na utaulizwa kimekwenda wapi. Sasa unajua jibu.

Kuna mpangilio mmoja mdogo ambao watu huupita bila kuuona, nao ni aina ya kiungo kinachotokea chenyewe mtu anapobofya Share. Mpangilio huo ukiwa kwenye Anyone, basi wafanyakazi watatoa viungo vya wazi hata wanapowatumia wenzao wa meza ya pili, kwa sababu mtu mwenye haraka huchukua kilicho mbele yake. Weka Specific people iwe ndiyo ya mwanzo. Anayehitaji kiungo cha wazi ataibadilisha mwenyewe kwa mibofyo miwili.

Neno la siri juu ya kiungo lipo, na ni zuri mradi lisitumwe kwenye barua pepe ileile yenye kiungo. Kuzuia kupakua nako kupo. Kunapunguza nakala zinazosambaa, lakini hakumzuii mtu kupiga picha ya skrini, kwa hiyo usimuuzie mkurugenzi kama kinga ya siri.

Tukimfikia mkurugenzi mwenyewe: muulize kwanza meneja wa mauzo anataka kutuma nini hasa. Mara nyingi ombi la "kiungo kisichohitaji akaunti" linatokana na mteja mmoja aliyekwama mahali akaombwa kufungua akaunti ya Microsoft. Kwa mteja huyo kuna njia ya katikati ambayo wengi hawaijui. Ukitengeneza kiungo cha Specific people na kuandika barua pepe yake, mteja asiye na akaunti ya Microsoft anaweza kutumiwa namba ya siri ya mara moja kwenye barua pepe hiyohiyo, akaiandika, akasoma. Hafungui akaunti mpya, hakariri neno la siri. Akimtumia mtu mwingine kiungo, huyo wa pili haingii, kwa sababu namba inakwenda kwenye sanduku la barua la wa kwanza. Na kwenye kumbukumbu utaona ni nani aliyefungua.

Kwa hiyo ningemwandikia mkurugenzi hivi: vipeperushi, miongozo ya bidhaa na fomu tupu zitoke kwa kiungo cha wazi kutoka tovuti moja maalumu, kwa kusoma tu, kwa siku 30. Nukuu za bei zenye jina la mteja, ankara na chochote chenye taarifa za mtu zitoke kwa kiungo cha mtu maalumu chenye namba ya barua pepe. Mikataba inayojadiliwa isitoke kwa kiungo cha wazi hata siku moja. Akiuliza "ni salama?", jibu la kweli ni kwamba inategemea waraka, na ndiyo maana umegawa.

Baada ya kufungua, utahitaji kuona kinachoendelea. Kwenye ukaguzi wa Microsoft Purview tafuta matukio ya AnonymousLinkCreated na AnonymousLinkUsed. La kwanza linakuonyesha mfanyakazi gani ametoa kiungo kwa faili gani, la pili linaonyesha kimetumika. Tazama mara kwa mara katika wiki za mwanzo, ukitafuta hasa viungo vya folda. Mwenye tovuti naye anaweza kutoa ripoti ya kile kilichoshirikishwa kwa watu wa nje kupitia ukurasa wa matumizi ya tovuti, hivyo si lazima kazi yote iwe yako.

Wakati wa kujaribu, fungua kiungo kwenye dirisha la faragha la kivinjari, au kwenye simu ambayo hujaingia kwa akaunti ya kazi. Ukijaribu kwenye kompyuta yako ya ofisini kila kiungo kitafunguka, kwa kuwa mfumo tayari unakujua, kisha mteja atapiga simu kusema ameombwa kuingia.

Jambo la kuzima lina mtego unaostahili aya yake. Siku kikivuja kitu, mtu wa kwanza atakayekupigia atasema "zima vyote". Kurudisha ngazi ya kampuni nyuma kunafanya kazi: kwa kawaida ndani ya saa moja viungo vya wazi huacha kufunguka. Lakini havijafutwa. Ukirudisha Anyone wiki ijayo ili kazi ziendelee, viungo vya zamani ambavyo muda wake haujaisha huamka navyo, kikiwemo kile kilichovuja. Kwa hiyo nenda kwenye faili au folda yenyewe, fungua Manage access, ufute kiungo husika. Na kama tovuti nzima ina wasiwasi, funga ngazi ya tovuti hiyo kwanza kabla hujafungua tena ya kampuni. Kumbuka pia kwamba faili lililokwisha kupakuliwa na mtu halirudi kwa kufuta kiungo.

Wasomaji wanaotumia Google Workspace, suala ni lilelile kwa sura nyingine. Kwenye konsoli ya msimamizi, chini ya Drive and Docs, kuna mipangilio ya kushirikisha nje ya shirika, na humo kuna kisanduku cha kuruhusu mafaili yaonekane kwa yeyote mwenye kiungo. Faida yao ni kwamba mpangilio unaweza kutofautiana kati ya kitengo kimoja cha wafanyakazi na kingine, kwa hiyo mauzo wanaweza kupewa na uhasibu wakanyimwa. Hifadhi za pamoja nazo zina masharti yake, kwa hiyo chaguo likikosekana huko, angalia mipangilio ya hifadhi hiyo kabla ya kuisumbua ya kampuni.

Jambo la mwisho, kwa sababu OneDrive za wenzako zimekuwa wazi kwa muda. Kuna uwezekano baadhi yao wameshawatumia wateja viungo kutoka humo, na ukizirudisha nyuma kama nilivyosema, viungo hivyo vitakufa. Toa tangazo kabla hujafanya, uwape siku chache wahamishie nyaraka kwenye tovuti mpya na kutuma viungo upya. Hata kama hukuzifunga, vingekufa siku moja: mfanyakazi akiondoka na akaunti yake ikafutwa, OneDrive yake huhifadhiwa kwa siku 30 kama hamjabadilisha mpangilio, kisha inafutwa, na mteja aliyekuwa akitegemea mwongozo uliokuwa humo atapiga simu mapokezi, ambako hakuna atakayejua anazungumzia nini.